Kuwafuata Nyigu wa Kilwa

Siku mliponiaga pale ghalani mlinipa kiti cha kupumzikia, mkasema nikishakizoea niwaandikie mambo ya kazi ya zamani. Kiti ni kizuri. Nimekikalia mwezi mzima sasa, na mgongo uliobeba pampu miaka yote ile umeanza kuamini kwamba hakuna mtu atakayekuja kuuamsha. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika habari za nyigu, maana ndizo mlizokuwa mkiniuliza kila mara tulipokaa kunywa chai, na maana hao nyigu ndio walionifundisha kazi.

Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, na Kiswahili changu kilitoka huko. Baba alikuwa akivuka ziwa kuuza chumvi na kununua samaki, nami nikivuka pamoja naye, mpaka safari moja nilivuka nisirudi. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Nchelenge, upande huu wa ziwa, bado ina nyumba za kuhesabika. Boma lenyewe lilikuwa Kawambwa. Sisi tulikuwa na ghala la mabati karibu na ufuko, kikosi cha watu wachache, na kazi moja isiyokwisha, yaani usafi: mitaro, vyoo, visima, mbu, panya. Nyigu hawakutajwa popote katika kazi yetu. Waliletwa na malalamiko ya watu, na malalamiko hayakukauka hata kiangazi.

Kapitao wetu, msimamizi wa kikosi, tulimwita Ba Shi Mumba, yaani baba yake Mumba, kama watu wa huku wanavyomwita mtu mzima kwa jina la mtoto wake. Alikuwa mfupi, mpana wa kifua, na kofia yake ya kaki ilikuwa imefuliwa hadi ikasahau rangi. Na wenyeji alizungumza Kibemba. Na sisi wa ng'ambo alizungumza Kiswahili cha sokoni, kilekile cha wauza samaki, na akikasirika aliongea polepole zaidi. Siku akiongea polepole sana, tulijua tutarudia kazi.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa pampu ya mgongoni iliyojaa dawa, tukaenda nyumbani kwa karani mmoja. Mke wake, Bana Chola, yaani mama yake Chola, alikuwa ametoa vitanda vyote nje na kuvipanga uani kama wodi ya hospitali.

"Miye siingii tena mule," alituambia. "Nyigu banajaa. Jana moja anaingia mu suruali ya bwana, na bwana iko ndani yake!"

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha bidii. Nikaingia, nikawaona wadudu weusi wakizunguka ukutani, nikainua mpira wa pampu. Ba Shi Mumba akaushika.

"Unapiga nani?"

"Nyigu, mukwai," nilimjibu kwa heshima ya huku.

"Nyigu gani?"

Sikujua kama nyigu nao wana koo na makabila. Nikauachia mpira.

"Angalia kwanza," alisema. "Huyu iko na kiuno kama uzi. Anakuya peke yake. Anabeba nini?"

Nikatazama vizuri. "Matope."

"Njo ile," alisema, yaani ndiyo hiyo. "Huyu wa matope hana jamaa ya kulinda. Ukimuacha, na yeye anakuacha."

Akatoa kisu, akabandua kijumba kimoja cha udongo ukutani, akakipasua juu ya kiganja. Ndani mlikuwa na buibui waliobanwa kama samaki kikapuni, miguu imekunjwa, na katikati yao buu mmoja mweupe akila. Bana Chola, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, alisogea hatua moja.

"Anakula buibui?"

"Mutoto yake njo anakula. Mama anawinda tu."

Bana Chola alifikiri. Tulikuja kujua baadaye kwamba kitu alichokiogopa kuliko nyoka ni buibui. "Basi wa ukuta ya nyuma babaki," alisema mwishowe. "Lakini mu suruali ya bwana, hapana."

Tukabandua vijumba vilivyokuwa juu ya vitanda na mlangoni, tukaviacha vya ukuta wa nyuma, tukaziba nyufa za dirisha kwa udongo. Ile pampu nikairudisha ghalani imejaa vilevile. Mabega yalikuwa yanawaka moto. Ba Shi Mumba aliniambia nizoee, kwani siku nyingi itarudi hivyo.

Kwa miezi iliyofuata alinifundisha kutazama kabla ya kupiga. Nyigu wa kuogopa, alinionyesha, ni yule mwembamba wa rangi ya chai ya rangi, ambaye akiruka miguu yake mirefu inaning'inia nyuma kama mtu aliyesahau kukunja suruali. Huyo anatafuna mbao kuukuu, nguzo za kijivu zilizopigwa na jua, anazigeuza kuwa kitu kama karatasi, na kwa karatasi hiyo anajenga sega lisilo na kifuniko, limening'inia kwa kikonyo kimoja chini ya upenu, vyumba vyake vikitazama chini. Anaanza mama mmoja peke yake, baridi ikiisha. Ukimkuta wakati huo, fimbo inatosha na ushujaa hauhitajiki. Ukingoja, utakuta ukoo mzima, na ukoo mzima unalinda nyumba yake kama wewe unavyoilinda yako. Nyuki ni habari nyingine. Wanatoka tunduni kwa wingi na wanaacha mwiba wao kwenye ngozi, ila nyigu anaondoka na mwiba wake ili akautumie tena. Kwa hiyo mtu akija analia, msianze kumpa pole. Mtazameni kidonda kwanza, pole mtampa baadaye.

Pampu ya dawa Ba Shi Mumba hakuipenda. Ziwani watu wanaanika samaki kila mahali, na upepo wa mchana hauchagui pa kupeleka dawa. Yeye alipenda sabuni ya kufulia, ile ya mche. Unaikwangua kwa kisu kwenye maji ya moto, unaikoroga mpaka itoe povu zito, unaitia kwenye pampu safi, unaenda alfajiri wakati nyigu wameganda kwa baridi. Povu likiwapata, mabawa yanashikana na pumzi inakatika, wanaanguka. Baada ya hapo unakwangua sega, unapasugua mahali pa kikonyo, unaziba ufa kwa udongo. Kichwani unavaa kofia na kipande cha chandarua kikuukuu. Vijana wenzangu walinicheka nilipovaa hivyo mara ya kwanza. Walisema nimekuwa bibi harusi wa boma.

Moto nao aliuchukia, na sababu niliielewa tulipoitwa kijiji cha Kabuta. Mvuvi mmoja, Chipasha, alikuwa amekuta sega kubwa chini ya upenu wa jiko lake, akafunga nyasi kwenye ufito mrefu, akawasha. Upepo ukatoka ziwani. Jiko likaondoka, nyumba ikaondoka, na nyavu zilizokuwa ndani zikaondoka nayo. Tulimkuta amekaa juu ya kinu, kitu pekee kilichosalia uani, na mkewe amempa mgongo.

"Na nyigu banaenda wapi?" Ba Shi Mumba alimuuliza.

Chipasha akanyoosha kidole. Kwenye upenu wa jirani, nyigu walikuwa wameshaanza kujenga upya.

Ba Shi Mumba hakumkemea. Tulishinda pale tukikata miti na kumsaidia kusimamisha jiko jipya, ingawa kujenga majiko hakukuwa kazi yetu. Njiani tukirudi, tukipishana na watu wa baiskeli waliobeba samaki kwenda bara, aliniambia, "Moto ni ya kupika ubwali, Andrea. Kwa nyigu, sahau."

Sasa nije kwenye kazi ngumu kuliko zote. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, jua kali na mvua hazijaja. Kisiwani Kilwa, Kilwa ya ziwa letu na si ile ya pwani, kulikuwa na shule ya kuezekwa nyasi yenye mwalimu mmoja, mwanamke kijana aliyeitwa Ester. Alikuwa ametoka bara, na Kiswahili alifundishwa na baba yake aliyewahi kuwa askari huko mashariki, kwa hiyo alikisema kama kitabu. Ni yeye aliyewashawishi wazazi wa Kilwa kuwaleta wasichana shuleni, akipita nyumba kwa nyumba, na wazazi wengi walikubali nusu nusu tu.

Mchana mmoja Mwalimu Ester alichota maji kwenye mtungi wa shule, akanywa bila kutazama ndani ya kikombe. Nyigu alikuwa ukingoni. Alimuuma mdomo wa chini. Wengine wakiumwa wanalia na kuvimba, basi. Yeye mwili wote ulitoka mabaka, koo likaanza kujifunga, akaanguka mbele ya watoto. Mungu alisaidia, siku hiyo dresa, mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa kisiwani akichanja watoto ndui. Alimchoma sindano, akakaa naye mpaka pumzi ilipofunguka, kisha wakamleta Nchelenge kwa mtumbwi akiwa ameegemezwa kama mgonjwa wa kifua.

Tulipofika zahanati, Ba Shi Mumba na mimi, alikuwa amekaa kitandani, uso bado umejaa. Dresa alituita pembeni. "Kidonda hakina mwiba," alisema. "Ni nyigu. Na akiumwa tena, sindano isipokuwa karibu, atakufa."

Hakusema kwa sauti ya chini ya kutosha. Mwalimu alisikia.

"Nimeshajua," alisema. "Mimi ninauliza jambo jingine. Mkuu wa kijiji, Ba Kalaba, amesema ataichoma shule ili nyigu waishe. Ni kweli?"

"Tunasikia hivyo," Ba Shi Mumba alimjibu.

"Akiichoma, hakuna atakayejenga nyingine mwaka huu. Wavulana watavushwa kuja kusoma huku. Wasichana hawatavushwa. Nikirudi nitawakuta wanaanika samaki kwenye vichanja, au wameshaposwa." Akavuta pumzi. "Msinihurumie mimi. Iokoeni ile nyumba."

Ba Shi Mumba alikuwa na kikohozi kibaya wiki zile, na safari ya mtumbwi ingemmaliza. Nje ya zahanati alinitazama.

"Nenda weye."

"Peke yangu?"

"Nyigu banakujua sasa," alisema, akakohoa.

Nikavuka na wauza samaki, nikiwa na pampu safi, debe, miche ya sabuni na chandarua changu. Ba Kalaba alinipokea ufukweni. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mikono yake mikubwa kwa kuvuta nyavu, na nyuma yake nikaona mafungu ya nyasi kavu yamepangwa tayari kando ya shule. Vichanja vya samaki vya kijiji kizima vilikuwa upande wa pili, upepo ukivuma kutoka hapa kwenda pale.

"Boma inakutuma kuzima moto yangu?" aliniuliza.

"Hapana, Tata," nilimjibu, nikimwita baba kwa heshima. "Ananituma Mwalimu."

Akaguna. "Yule Mwalimu, naye ni mutoto tu, alianguka mbele ya batoto bengine. Bote banalia. Miye nilimubeba na mikono yangu, nikajua anakufa. Na weye unaleta sabuni."

"Nipe mpaka Jumapili, Tata. Nikishindwa, sitakushika mkono. Nitakuomba kitu kimoja tu, tuhamishe samaki kwanza."

Hilo la samaki lilimwingia. Aligeuka, akatazama vichanja, akatazama nyasi zikilala na upepo. "Jumapili," alisema. "Kanisa ikitoka, nachoma."

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Alfajiri, kabla jua halijapasha nyasi, nilipiga povu chini ya upenu, sega baada ya sega. Watoto walileta udongo kutoka ufukweni, akina mama wakaukanda na majani, tukaziba kila ufa. Nguzo za kijivu zilizokuwa zimetafunwa mistari mistari tuliziparua na kuzipaka mafuta ya taa, ili zisitamanike. Kufika Ijumaa hapakuwa na sega hata moja pale shuleni. Nilijisikia mtu mkubwa.

Ijumaa hiyohiyo, jua lilipofika utosini, nilikwenda kunywa maji. Kwenye mtungi wa shule walikuwepo nyigu wengi kama zamani, wamejipanga ukingoni, wanakunywa kwa adabu kama watu wanaopokea komunyo. Nikakaa chini.

Ba Kalaba akaja, akasimama juu yangu. "Bon, basi," alisema. "Unaona?"

"Naona banakunywa, Tata. Sioni banatoka wapi."

"Basi banatoka wapi?"

"Hilo njo nakuomba unisaidie. Ziwani unajuaje mahali samaki walipo?"

"Naangalia ndege."

"Kaa na miye tuangalie."

Nilidhani atacheka. Aliketi. Nikachota unga wa muhogo, nikanyunyizia nyigu mmoja aliyekuwa amezama kwenye kunywa, akawa mweupe mgongoni. Aliposhiba aliinuka mzito, akazunguka mara moja, akashika njia iliyonyooka. Tulimpoteza kwenye migomba. Tukampaka mwingine, nasi tukamngojea pale migombani. Kisha mwingine, tukasogea tena. Ba Kalaba alikuwa na macho ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa bado natafuta, yeye ameshanyoosha mkono. Alianza kuifurahia kazi ile, nikamsikia akiimba kwa pua.

Tulipotoka kwenye matete na kuona ufuko, aliacha kuimba.

Pale mchangani palikuwa na mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi, wa gogo moja, mrefu, umeota majani pembeni. Nyigu wetu mweupe alishuka moja kwa moja, akaingia chini ya ukingo wake. Na wengine wakawa wanaingia na kutoka.

Nililala kifua chini, nikachungulia. Tumbo lote la mtumbwi lilikuwa limening'inia masega, makubwa, yamekaribiana, kama vichwa vya alizeti vilivyokauka. Nikajirudisha polepole.

"Tata, huu mtumbwi wa nani?"

"Ya baba yangu," alisema. "Tulimuzika, nikaigeuza, nikasema mutu yeyote asiiguse. Hata miye sijaigusa." Akausogelea hatua moja. "Mu bwato hii njo alinifundisha ziwa."

Yeye akageuka, akaenda zake kupitia kwenye matete bila kuangalia nyuma.

Jumamosi hakuonekana. Mkewe alisema yuko ziwani, lakini nyavu zake zilikuwa ukutani. Nilikwangua sabuni yote iliyobaki, nikakaa nayo. Ningeweza kwenda alfajiri bila yeye, kuugeuza ule mtumbwi na vijana wawili, na labda asingejua. Nilikumbuka jinsi alivyosema "hata miye," nikaona hapana. Nyigu ningewaua, lakini shule ingebaki na adui mkubwa kuliko nyigu.

Jumapili kanisa lilipotoka, watu hawakwenda nyumbani. Walisimama uwanjani kutazama moto. Wengine walikuwa wameshaanza kubeba samaki kutoka vichanjani. Wasichana wa shule walikaa pamoja ukutani, migongo yao imegusa udongo tuliozibia nyufa, kana kwamba wakikaa hapo hakutawaka. Ba Kalaba akaja amevaa koti lake la kanisani. Alizitazama nyasi. Alinitazama mimi.

"Kesho asubuhi," alisema. "Lakini bwato, miye njo nitaigeuza. Mikono ya mutu mwingine, hapana."

Jumatatu ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Tulikuwa wawili tu mbele, wengine tuliwaambia wakae mbali. Nilimfunga Ba Kalaba kipande cha chandarua usoni, akalalamika kwamba hawezi kutema mate. Nililala mchangani, nikaingiza mpira wa pampu chini ya ukingo, nikapiga povu mpaka niliposikia wanaanguka juu ya mchanga kama mvua ya kwanza. Kisha nikampa ishara. Akashika ukingo, akauinua.

Mtumbwi ule ulikuwa wa gogo nene, mzito ajabu. Aliufikisha magotini, akaufikisha kiunoni, na mimi nikaingia nusu ya mwili chini yake kupiga masega ya upande wa ndani. Hapo ndipo lilipotokea sega moja kwenye pua ya mtumbwi. Lilikuwa limejificha kwenye pembe, povu halikulifikia, na nyigu wake walikuwa wameshaamka. Walimtokea Ba Kalaba kwenye mikono.

"Shusha, Tata!" nilipiga kelele, halafu nikakumbuka kwamba akishusha, utaniangukia mimi.

Yeye alikuwa ameshakumbuka. "Piga!" alisema kwa meno yaliyofungwa.

"Banakuuma!"

"Najua banauma! Piga!"

Nikageuza mpira, nikapiga puani mpaka pampu ikaanza kutoa upepo mtupu. Sikutazama mikono yake. Nilisikia tu pumzi yake, ndefu, kama mtu anayevuta wavu uliojaa. Walipokoma kuanguka nilijiviringisha nje, naye akatoa sauti moja, akausukuma mtumbwi wa baba yake, ukageuka, ukalala chali mchangani mdomo ukitazama mbinguni.

Mikono yake ilivimba kama viazi. Nilimtazama uso, nimeogopa nitaona mabaka kama ya Mwalimu. Hapakuwa na mabaka. Palikuwa na machozi, lakini hayakuwa ya nyigu. Aliingia ndani ya mtumbwi, akapapasa gogo lake kwa viganja vilivyovimba, akagonga hapa, akagonga pale.

"Haijaoza," alisema. "Andrea, sikia. Imekauka tu."

Watu wakashuka. Masega tukawapa kuku, na kuku wa Kilwa hawajapata karamu kama ile. Vijana wakauvuta mtumbwi hadi majini, wakaujaza maji na kuuacha unywe, ili nyufa zikutane. Mtungi wa shule ulipata mfuniko wa mbao na kata yenye mpini mrefu. Mbali, ng'ambo ya bustani ya kabichi za shule, nilizika chungu kilichovunjika na kukijaza maji, kwa ajili ya nyigu waliobaki msituni. Ba Kalaba aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwonyesha nyigu mmoja akitoka kwenye kabichi amebeba kiwavi. "Huyu anafanya kazi kwa Mwalimu," nilimwambia. "Tunamtaka akae mbali tu." Akatikisa kichwa, lakini nilipoondoka nilimwona anakijaza maji.

Wiki iliyofuata alivuka kuja Nchelenge mwenyewe, kwa mtumbwi ule. Mwalimu Ester alikuwa ufukweni na sanduku lake. Dresa alikuwa amemfundisha mke wa Ba Kalaba, aliyevuka naye, kuchoma sindano, wakapewa kikopo chenye sindano na dawa, cha kukaa pale shuleni. Ba Shi Mumba alikuja pia, amejifunga shuka kifuani, akanituma nivuke nao nikague mara ya mwisho.

Kabla ya kupanda, Mwalimu alinigeukia. "Bwana Andrea, unaniahidi hakuna nyigu Kilwa?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana, Mwalimu. Wapo. Ninachokuahidi ni kwamba shule haina sega, na kila Jumamosi watoto watakagua upenu. Wanajua wa kumwacha na wa kumwitia mtu."

Aliinua sanduku lake. "Ungesema hakuna, nisingepanda," alisema, akapanda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakagua upenu wa shule wakati kengele ilipogongwa. Wasichana walikuwa wameshakaa, wote, na wavulana nyuma yao. Ba Kalaba akaja mlangoni, amemshika mkono binti mwembamba mwenye magamba ya samaki bado yameshika kwenye nguo.

"Mwalimu, huyu ni wa kwangu. Mwape. Nilimuweka ku vichanja."

"Wenzake wamemtangulia mwaka mzima, Baba."

"Najua. Kosa si yake."

Mwalimu alimtazama mtoto, akamwonyesha nafasi kwenye mkeka wa mbele. Mwape akaketi na kukunja miguu. Mwalimu akachukua chaki, akageukia ubao, akaandika herufi mbili tatu, akasita. Chumba kilikuwa kimeingia giza.

"Na wewe, Baba Kalaba?"

"Miye naangalia tu."

"Basi angalia umekaa. Ukisimama mlangoni unatuzibia mwanga."

Watoto walishika vinywa vyao. Ba Kalaba alinitazama pale nje, kana kwamba boma lingeweza kumtetea. Nikajifanya nakagua nyasi. Akavua kofia, akainama kupita mlangoni, akaketi kwenye mkeka kando ya binti yake, na Mwalimu akaanza kusoma herufi ya kwanza kwa sauti.